Bei ya Jina: Historia Fupi ya Domeini, na Blogu Yetu Iliyogeuka Kibanda cha Mikeka

Mwezi wa tatu mwaka huu nilipata barua pepe kutoka kwa dalali. Si dalali wa viwanja wala wa vyumba. Huyu anauza majina ya tovuti. Aliandika kwa adabu kwamba ana jina moja ambalo huenda likanifaa kwa shughuli zangu, na bei yake ni dola 1,800. Nililisoma lile jina mara mbili. Lilikuwa jina letu wenyewe, la blogu ya fasihi tuliyoianzisha watu watatu tukiwa mwaka wa pili chuo kikuu.

Silitaji hapa, nisije nikampa dalali tangazo la bure. Tulilisajili kwa kama dola 10 kwa mwaka, tukachanga hela ya chipsi kulilipia. Kwa miaka kadhaa tuliandika humo mapitio ya riwaya, mahojiano na washairi, na makala ndefu kuhusu magazeti ya zamani. Nusu ya makala zile ni za mwenzetu tuliyezoea kumwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Mwalimu alifariki 2019. Mwaka 2021 kadi ya benki niliyokuwa nikilipia ikaisha muda, na vikumbusho vikawa vinaenda kwenye barua pepe ya zamani ambayo sikuwa naifungua tena. Siku niliyokumbuka, nilifungua blogu nikakuta picha za wachezaji mpira na matangazo ya kubeti kwa lugha nisiyoijua. Kosa ni langu, simlaumu mtu.

Wiki ile ile ya barua ya dalali, mwanafunzi mmoja wa uzamili alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka, naomba makala ya marehemu kuhusu hadithi za magazetini. Nimeiona imetajwa kwenye tasnifu ya mtu, ila linki inanipeleka kwenye mikeka." Nikaona aibu. Kisha nikamuuliza yule dalali swali moja: hiyo bei umeipataje? Akajibu kama mtu aliyeulizwa mara nyingi. Jina ni fupi, maneno mawili tu. Mwisho wake ni .com. Lina umri. Na zaidi ya yote, akasema, kuna tovuti za vyuo na magazeti zinazolitaja.

Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza mambo yalianzaje. Nikaanza kufuatilia. Domeini, ambayo siku hizi wataalamu wetu wanaiita kikoa, ilipataje kuwa na bei?

Mwanzo haikuwa na bei kabisa. Kwenye ARPANET, mtandao wa Wamarekani uliozaa intaneti, kila kompyuta ilikuwa na namba. Ili watu wasikariri namba, taasisi ya utafiti ya Stanford kule California ilitunza faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, lenye majina na namba zake. Ofisi iliyolitunza iliongozwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iwe na jina, unawasiliana na ofisi yake, wanakuandika. Ni kama daftari la mjumbe wa nyumba kumi.

Mtandao ulipokua daftari likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akifanya kazi na Jon Postel, alibuni mfumo tunaoutumia mpaka leo: badala ya daftari moja, majina yanagawanywa kwa ngazi, na kila ngazi inatunza ya kwake. Tarehe 15 Machi 1985 kampuni ya kompyuta ya Massachusetts ilisajili symbolics.com, jina la kwanza kabisa la .com. Mwaka ule ulipokwisha, majina ya .com yalikuwa sita tu. Sita, msomaji! Karibu maneno yote ya kamusi ya Kiingereza yalikuwa wazi, bure, na hakuna aliyeyagombea.

Yaani hapo tayari kuna jibu la kwanza. Uzuri wa neno peke yake hautoshi kulipa bei. Neno "business" halikuwa baya mwaka 1985. Kilichokosekana ni watu wa kulitaka.

Watu walikuja miaka ya tisini. Mwaka 1994 kampuni moja ya Marekani ya kufundisha wanafunzi mbinu za mitihani, Princeton Review, ilisajili kaplan.com, jina la mshindani wake mkubwa. Kaplan walipolalamika, mkuu wa Princeton Review alisema atalirudisha kwa malipo ya kreti ya bia. Kaplan walikataa, wakaenda kwa wasuluhishi, na wakapewa jina lao. Unaweza kucheka, lakini ile kreti ya bia ni kati ya bei za mwanzo kabisa kutajwa kwa jina la mtu mwingine.

Mwaka huo huo mwandishi wa habari Joshua Quittner alifanya jambo ambalo mwandishi yeyote angetamani kulifanya. Alipiga simu McDonald's kuwauliza kama wana habari kwamba mcdonalds.com haina mwenyewe. Hawakuonyesha kuelewa uzito wa swali. Akalisajili mwenyewe, kisha akaandika kisa chote kwenye jarida la Wired, Oktoba 1994, akiwaomba wasomaji ushauri: nilifanye nini? Mwishowe kampuni ililipata jina lake baada ya kutoa dola 3,500 za vifaa vya kompyuta kwa shule moja ya umma ya Brooklyn.

Visa hivi viwili ni vya kuchekesha, ila ndani yake kuna aina moja ya thamani: jina ni ghali kwa yule ambaye akilikosa ataumia. Kwa watu wengine wote mcdonalds.com halikuwa na faida halali. Mnunuzi alikuwa mmoja tu duniani, na alipaswa kununua.

Septemba 1995 mambo yakabadilika. Kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na mkataba wa kusajili majina, iliruhusiwa kutoza ada: dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza. Ungedhani ada ingewapunguza watu. Kumbe kitu kikishakuwa na ada, watu wanakitazama kwa jicho la biashara. Mwaka 1997 business.com iliuzwa kwa dola 150,000 na watu wakashangaa. Mwaka 1999 iliuzwa tena, kwa dola milioni 7.5.

Hii ni thamani ya aina ya pili. Wakati ule mitambo ya kutafuta habari mtandaoni ilikuwa dhaifu. Mtu akitaka magari aliandika tu neno la magari, akaongeza .com, akabonyeza. Mwenye neno la kawaida alipata wateja bila kutangaza. Ni kama kuwa na fremu ya duka kwenye kona ya Kariakoo ambapo daladala zinashusha abiria: hata ukiuza maji tu, utauza.

Palipo na kona nzuri pana wezi pia. Gary Kremen alisajili sex.com mwaka 1994, enzi za bure. Oktoba 1995 mtu anayeitwa Stephen Cohen alipeleka Network Solutions barua ya kughushi ikidai kwamba kampuni ya Kremen imeliachia jina hilo. Wakamkabidhi, na Cohen akavuna mamilioni. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2001 mahakama ilimwamuru Cohen alipe dola milioni 65, naye akatoroka nchi. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilitoa uamuzi unaosomwa na wanasheria mpaka leo: jina la domeini ni mali, na anayelitoa kwa mtu asiyehusika anaweza kuwajibishwa, kama vile ametoa gari la mtu.

Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu niliinua kichwa. Ni mali, sawa. Lakini kuna mali gani unayoipoteza kwa kusahau kulipa dola 10? Hapo ndipo mfano wa kiwanja unapogoma. Domeini tunasema "tumenunua", ila ukweli ni kwamba tumepanga. Kodi isipolipwa, baada ya siku kadhaa za kusubiriwa, jina linarudi sokoni, na kuna watu wenye programu zinazokesha kusubiri majina yaliyoachwa. Letu lilidakwa hivyo. Hakuna aliyeiba. Wamelichukua kihalali kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Je, ningeweza kulidai kisheria? Mwaka 1999 Marekani ilitunga sheria dhidi ya wanaoteka majina ya biashara za watu, na mwaka huo huo ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina, likaweka utaratibu wa usuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2000 wanamuziki wawili walipitia utaratibu huo. Sting alidai sting.com akashindwa, neno lile ni la kawaida la Kiingereza, na aliyelisajili hakuthibitika kuwa na nia mbaya. Madonna alidai madonna.com akashinda, ingawa nalo ni neno la siku nyingi, kwa sababu aliyelishika alionekana amelenga kunufaika na umaarufu wake. Kwa hiyo dalali makini, kabla hajapima urefu wa jina, anajiuliza: hili ni neno la watu wote au ni jina la mtu? Likiwa la mtu, thamani yake inaweza kugeuka kesi. Sisi hatukuwa Madonna. Jina letu lilikuwa maneno mawili ya kawaida, na hatukuwahi kulisajili popote kama alama ya biashara.

Basi nikarudi kwenye orodha ya dalali. Jina fupi. Hapa wauzaji wana kipimo wanachokiita mtihani wa redio: mtu akilisikia jina redioni mara moja, anaweza kuliandika bila kukosea? Jeff Bezos alipoanzisha kampuni yake mwaka 1994 aliiita Cadabra. Mwanasheria wake aliposikia kwenye simu, akasikia neno la Kiingereza la maiti ya kupasuliwa. Jina likabadilishwa kuwa Amazon.

Kwenye mtihani huu Kiswahili kingepata alama za juu. Lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa. Sema "ushahidi" redioni, na msikilizaji wa Kigoma na wa Lamu wataandika herufi zile zile. Ajali zetu ni chache na tunazijua: wenye kuchanganya l na r, wanaomeza h, wanaosema "zahabu" badala ya dhahabu. Hata wageni wameliona hilo. Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika, alipotoa mchezo wake wa vipande vya mbao mwaka 1983 aliuita Jenga, na akalishikilia jina hilo hata wauzaji walipotaka alibadilishe. Leo ni moja ya maneno ya Kiswahili yanayotamkwa na watu wengi wasiojua kuwa wanazungumza Kiswahili.

Lakini mbona madalali hawagombei maneno yetu kama wanavyogombea ya Kiingereza? Nadhani jibu tumeshalipata. Bei inafuata hela ya atakayelinunua, haifuati uzuri wa sauti. Neno la Kiingereza la bima ni ghali kwa kuwa kampuni ya bima ya Marekani inapata pesa nyingi kwa kila mteja mmoja anayebonyeza. Neno letu "bima" ni fupi zaidi, tamu zaidi, ila anayelitafuta mtandaoni ana kipato kingine.

Na hata hela nyingi hazikuhakikishia jina uhai. Pets.com lilikuwa jina linalojieleza lenyewe, la vifaa na chakula cha wanyama wa kufugwa. Kampuni iliingia soko la hisa Februari 2000, ikafunga Novemba mwaka huo huo. Wakati huo huo google.com, lililosajiliwa 1997, lilikuwa neno lisilo na maana kwa watu wengi. Maana alilipa aliyelitumia. Ushahidi.com ni hivyo hivyo. Kabla ya Januari 2008 lilikuwa neno la mahakamani tu. Wakenya wachache, akiwemo Ory Okolloh, walilitumia kukusanya taarifa za wananchi kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na ndani ya miaka michache neno hilo likawa linatajwa na wahudumu wa majanga duniani kote.

Kitu cha pili kwenye orodha: mwisho wa jina. Dalali alisisitiza .com kwa kuwa ndiyo mazoea ya vidole vya watu. Ila herufi mbili za nchi nazo zina historia yake. Tuvalu, visiwa vya watu kama elfu kumi kwenye Pasifiki, walipangiwa .tv. Mwaka 2000 walikodisha herufi hizo kwa mkataba wa dola milioni 50 za kulipwa kidogo kidogo, na sehemu ya pesa hizo iliwasaidia kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka huo huo. Anguilla, kisiwa cha Karibi, kina .ai. Hakuna aliyekijali mpaka dunia iliposhikwa na homa ya akili bandia. Mwaka 2023 majina ya.ai yalikiingizia takriban dola milioni 32, zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato ya serikali yake. Bahati ya herufi mbili!

Na sisi tuna .tz. Herufi hizi hazina maana nyingine kwa Waingereza, hivyo hatutapata utajiri wa Anguilla. Zina uzito wa aina nyingine. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa mahakamani Dar es Salaam, na moja ya mashtaka ilikuwa kuendesha tovuti ambayo haikusajiliwa kwa .tz. Mwisho wa kesi si hoja yangu hapa. Hoja ni kwamba mwisho wa jina unasema pia uko chini ya mkono wa nani, na kwa mwenye gazeti hilo nalo ni sehemu ya bei, ingawa dalali halihesabu.

Likabaki la mwisho, lile alilolitilia mkazo: tovuti za vyuo na magazeti zinazolitaja. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walieleza njia ya kupanga kurasa za mtandao kwa kuhesabu nani anamtaja nani. Ukurasa unaotajwa na kurasa zinazoaminika nao unaaminika. Wazo hilo, linalofanana na la tanbihi za wasomi, ndilo lililoijenga Google. Na ndilo lililofanya majina yaliyokufa yawe na soko. Mwenye kibanda cha kubeti akijenga jina jipya, hakuna anayemjua. Akinunua jina la marehemu, linki zote zilizokuwa zikielekea kwa marehemu zinaelekea kwake, na heshima inahamia naye kwa muda.

Kwa hiyo zile dola 1,800 sikuziona tena kama bei ya maneno mawili. Ni bei ya Mwalimu. Ni makala zake ndizo zilizotajwa kwenye tasnifu na kurasa za utamaduni za magazeti. Alikesha akisoma magazeti ya miaka ya sitini maktaba, akaandika, watu wakamwamini kiasi cha kumtaja, na mtu asiyejua hata Kiswahili akauza huko kuaminika kwake kwa wacheza kamari. Sisi tuliokuwa tukimwambia "andika fupi, hakuna anayesoma" hatukujua tunakaa juu ya nini.

Sikununua. Kwanza sina dola 1,800. Pili, nilipoelewa thamani iko wapi, niliona haiko kwa dalali. Internet Archive, hifadhi aliyoianzisha Brewster Kahle mwaka 1996, ilikuwa imetunza kurasa zetu nyingi. Nilikaa nayo usiku kadhaa, nikaokoa makala 34 za Mwalimu. Nyingine saba sijazipata. Mwenzetu wa tatu, ambaye sasa yuko Mwanza, akalipia jina jipya, la .co.tz, kwa kadi yake, na tarehe ya kulipia tumeiandika kwenye simu zetu wote na ya dada yake Mwalimu.

Kisha tukafanya kazi ya kuchosha kuliko zote. Tumewaandikia mmoja mmoja wale waliotutaja: wahariri, wakutubi, mhadhiri mmoja aliyestaafu. Ndugu, linki ya ukurasa wako inaelekea kwenye mikeka, tafadhali iwekeni hii. Mpaka leo tumewaandikia 19 na 11 wamebadilisha. Yule mwanafunzi wa uzamili alikuwa wa kwanza kuitumia linki mpya kwenye kazi yake.

Juzi dalali ameandika tena. Jina bado lipo, anasema, na kwa kuwa niliwahi kuonyesha nia, ameshusha mpaka dola 950. Sijamjibu. Nimebakiza barua nane.